Kilio cha Ghorofa ya Tatu

Asnakech alikuwa amefika ghorofa ya tatu, ndoo mkono mmoja na tambara la kupigia deki mkono wa pili, aliposikia funguo zikizungushwa nyuma ya mlango wa Madamu Nawal. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha uso tu.

"Asnakech, njoo hapa. Sogea. Na usigonge hiyo ndoo."

Asnakech alinyoosha mgongo, akajipangusa mikono kwenye aproni, akasogea.

"Wewe na huyu msichana wangu mnazungumza lugha moja, sivyo?"

"Ndiyo, Madamu. Tena tunatoka mkoa mmoja."

"Basi nisikilize. Wakala amenipigia simu. Mama yake amekufa huko kwenu. Sitaki ajue. Ukimwona kwenye roshani, ukikutana naye akitoa taka, mdomo wako ufunge."

Habari yenyewe haikuwa ngeni kwa Asnakech. Alikuwa nayo tangu jana yake, na alikuwa amepanda ngazi zote zile akiwa ameibeba kifuani kama mtu aliyebeba maji ya moto katika bakuli lililojaa hadi ukingoni. Kilichomshtua ni kuisikia kwa Kiarabu, mlangoni, kwa sauti ya mtu anayetoa maagizo juu ya nguo za kupiga pasi.

"Asijue mpaka lini, Madamu?"

"Mpaka mkataba wake uishe. Amekuja juzi tu. Yule wa kabla yake alipofiwa alilia wiki nzima, hakupika, hakufua, mwishowe akatoroka. Pasaka inakuja, mapazia yote hayajafuliwa. Na watoto wangu wataogopa." Madamu Nawal alishusha sauti, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa mtu anayetaka kueleweka. "Aliyekufa ameshakufa. Msichana akijua leo, mama hafufuki. Akijua baadaye, hafufuki vilevile. Kwa nini nimvunje sasa hivi?"

"Madamu, kwetu sisi..."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ni kwangu."

Mlango ulifungwa. Funguo zilizungushwa mara mbili, na Asnakech akabaki anatazama maji ya ndoo yakitulia.

Kwao, mkoani Wollo, kifo hakitangazwi ovyo. Habari ikifika, huzuiwa kwanza. Ndugu na majirani hukaa wakashauriana, na mfiwa huachwa aendelee kucheka na kupika kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha alfajiri moja, kabla hajashika kazi ya siku, watu humwendea kwa pamoja wakiongozwa na mtu mzima. Wachache huingia na kukaa karibu naye, ili mikono ya kumdaka iwepo. Wengine hubaki nje, kimya. Neno likishatamkwa na kilio kikapasuka, walio nje nao huingia wakilia, hata nyumba ikajaa. Jambo hilo huitwa merdo, na kumnyima mtu merdo ni ukatili ambao watu wa kule hawaufanyi hata kwa hasimu wao.

Kaka yake msichana, aliyeitwa Muluken, alikuwa ameeleza hayo kwa maneno machache kabisa katika simu. "Dada Asnakech, tumemzika mama. Nakuomba, Yeshimebet asiambiwe kwa simu. Mwendeeni." Alisema mwendeeni, kana kwamba Asnakech alikuwa kijiji kizima.

Namba ya Asnakech waliijua wengi. Akina mama wa Wollo waliishona kwenye pindo la sketi za binti zao kabla ya safari ya Beirut, kwa kuwa walishajifunza kwamba simu hunyang'anywa siku ya kwanza lakini sketi huachwa. Asnakech mwenyewe alikuwa ametoka katika nyumba ya mwajiri wake wa kwanza, aliyemdhamini kibali, miaka minane iliyopita, bila ruhusa na bila pasipoti, akapanga chumba katika mtaa wa Dora pamoja na wenzake. Tangu hapo aliosha ngazi na nyumba za watu kwa saa, akitembea barabarani kwa hadhari ya mtu asiye na kibali. Alipofiwa na baba yake aliambiwa kwa simu, akiwa amesimama bafuni na bomba la maji mkononi. Alimaliza kuosha bafu. Tangu siku hiyo hakuwahi kuwa na hakika kwamba baba yake amekufa kweli. Kuna asubuhi alizoamka akipanga kumnunulia koti.

Na huyo Yeshimebet, ambaye mtaa mzima ulimwita Yeshi, alikuwa amepokewa kwenye roshani, kama wanavyopokewa wote. Siku chache baada ya kufika alitokeza nyuma ya jengo na beseni la nguo, macho mekundu, asijue aanzie wapi. Ng'ambo ya ua, kwenye roshani ya jengo la pili, alikuwapo Zenebech, mwanamke mnene wa maneno mengi aliyemtunza bibi kizee mmoja. Zenebech alimtazama akibana shati kambani kwa ukosi, uvumilivu ukamwishia.

"Wewe mpya! Shati halinyongwi, linaanikwa! Mtu wa wapi wewe?"

"Wa Haik, dada."

"Haik! Basi una bahati, umeshapata dada, shangazi na mwalimu, wote mimi. Geuza shati kichwa chini. Umekula?"

Kuanzia hapo mafunzo yalikwenda kila asubuhi, juu ya vichwa vya paka wa uani. Alifundishwa maneno gani ya Kiarabu yanapoza hasira ya madamu na yapi yanaongeza mafuta, doa la mvinyo hutolewa na nini, dawa ya tumbo hupatikanaje. Kila roshani ilikuwa na kikapu cha kamba cha kushushia dukani, na bawabu wa jengo, Abu Jasim, Msiria mwenye sharubu nyeupe aliyeishi na familia yake katika chumba cha chini, alizoea kuhamisha kitu kutoka kikapu kimoja hadi kingine bila kuuliza maswali. Kwa njia hiyo Yeshi alipata kandambili, vidonge, berbere, pilipili ya kwao ya kutilia mchuzi, na picha ya Mtakatifu Gabrieli yenye ukubwa wa kiganja. Hakuwahi kumgusa hata mmoja kati ya watu waliompa vitu hivyo, isipokuwa Asnakech, ambaye alikutana naye mlangoni siku za taka.

Alhamisi hiyo, baada ya kumaliza ngazi, Asnakech alivuka ua akampa Zenebech habari jikoni kwake. Zenebech alilia kwa kujiziba mdomo na taulo. Wakakubaliana kwamba asiambiwe kwa kupigiwa kelele kutoka roshani hadi roshani. Habari kama ile haifikishwi kwa mtu aliyesimama ghorofa ya tatu, ukingo ukimfika kiunoni na jirani wa kumshika akiwa ng'ambo ya ua.

Kosa lilifanyika siku ya pili yake, na lilifanywa na mikono ya Zenebech, si akili yake. Alitoka kuanika shuka akiwa amejitanda netela, shali nyeupe ya pamba yenye pindo la rangi. Siku za kawaida pindo huning'inia chini. Siku za msiba hupandishwa juu, likazunguka shingo na mashavu. Moyo wake ulikuwa msibani tangu jana, na mikono ikamvisha kama mtu wa msibani.

Yeshi aliliona pindo hilo kabla hajatua beseni.

"Dada Zenebech! Nani amekufa?"

Zenebech alishika shingo yake, akagundua, akakosa pa kukimbilia.

"Shangazi yangu."

"Yupi? Yule wa Kombolcha?"

"Huyohuyo," alisema Zenebech, akimwua papo hapo shangazi aliye hai, mwenye afya na mdomo, ambaye saa ileile huenda alikuwa anauza siagi sokoni.

Yeshi aliweka beseni chini. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakishusha mabegani, akaegemea ukingo wa roshani na kumlilia shangazi yule. Alilia kwa adabu zote, akimtaja kwa siagi yake na ucheshi wake, mambo aliyoyasikia kwa Zenebech mwenyewe. "Pole, dada yangu," alisema mara kwa mara. "Uko mbali. Ni vigumu kufiwa ukiwa mbali. Mimi nisingeweza." Na Zenebech alisimama ng'ambo ya ua, shuka iliyolowa ikimdondokea miguuni, akipokea rambirambi kutoka kwa mfiwa.

Adhuhuri kikapu cha Yeshi kilishuka. Abu Jasim alikikuta na kifurushi cha kitambaa, na sauti kutoka juu ikimwagiza. Alikihamishia katika kikapu cha pili, akavuta kamba, na Zenebech akapandisha shayiri ya kukaanga, gao moja.

"Mwambie ni kidogo!" Yeshi aliita. "Ni ile aliyonikaangia mama siku ya safari. Nimekuwa naila punje punje. Lakini mfiwa asikae na njaa!"

Zenebech aliingia ndani, akafunga mlango wa roshani, akapiga simu Dora.

Jumamosi alasiri watatu walikaa jikoni kwake. Chumba cha pili, Bi Warde, kile kizee cha Zenebech, alikuwa anasinzia mbele ya televisheni katika kiti chake cha magurudumu, amevaa nguo nyeusi ambazo hakuzivua tangu alipofiwa na mumewe. Wa tatu pale jikoni alikuwa Hayat, Mwislamu wa Dessie, mwembamba, mwepesi wa ulimi, aliyetumikia familia yenye mbwa mkubwa na aliyetumwa kumtembeza kila siku. Mbwa mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza.

"Umemwua shangazi wa watu," alisema Hayat. "Akipiga simu sikukuu utamwambia nini?"

"Nitamwambia alililiwa vizuri hapa Beirut kuliko atakavyoliliwa Kombolcha."

"Hiyo shayiri umeila?"

Zenebech alitikisa kichwa. Kifurushi kilikuwa juu ya friji, na hakuna aliyekitazama kwa muda mrefu.

"Hatuwezi kungoja zaidi," alisema Asnakech. "Ameshaanza kunusa msiba. Kesho ni Jumapili. Asubuhi Abu Jasim hupiga kengele kwa ajili ya taka, na Madamu hufungua mlango mwenyewe, kwa sababu funguo hulala naye. Yeshi hutoka na mifuko mpaka kichwani pa ngazi. Hapo ndipo atakapotukuta."

"Ngazini?" Hayat alishangaa. "Merdo ya ngazini?"

"Ndani haturuhusiwi. Uani ni mbali. Ngazi ni za watu wote, na mimi ndiye ninayezisafisha."

Hayat alimkuna mbwa kichwani, akafikiri. Kisha akasema kwa upole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, "Dada Asnakech, nikuambie kitu usinikasirikie. Mimi nina kibali. Zenebech ana kibali. Wewe huna hata karatasi ya kufungia karanga. Madamu akiita polisi, sisi tutagombezwa, tutanyimwa simu mwezi mmoja, basi. Wewe utawekwa ndani, kisha utapandishwa ndege. Kaa Dora. Sisi tutakwenda."

"Na neno atalisema nani?"

"Mimi nina mdomo," alisema Zenebech.

"Mdomo wako ndio uliotufikisha hapa," alisema Hayat.

Asnakech hakucheka. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. "Neno husemwa na mtu mzima, na mtu mzima hapa ni mimi. Miaka minane napita kando ya ukuta kama mjusi. Nikiona kofia ya polisi, nageuza njia. Nikisemeshwa kwa ukali, nasema ndiyo Madamu. Nimekubali yote hayo, kwa kuwa ni yangu na niliyachagua. Lakini mama ya yule mtoto alishona namba yangu kwenye pindo kwa mkono wake. Alijua si yeye peke yake atakayemlea. Sasa mimi nikae Dora nikisubiri kusikia kama kilio kilikwenda vizuri? Hapana. Nikipandishwa ndege, nitapanda nikiwa nimeshalia na mtoto wa watu."

Bi Warde aliita kutoka chumba cha pili akiuliza ni nani aliyefiwa. Zenebech alimjibu kwamba hakuna, ni tamthilia.

"Na huyu nitamwacha na nani asubuhi?" aliuliza Zenebech kwa sauti ya chini.

Hayat alitazama mlangoni, akatazama kile kiti cha magurudumu. "Usimwache," alisema.

Kabla ya kurudi Dora, Asnakech alimfuata Abu Jasim, ambaye alikuwa anamwagilia miche yake ya mnanaa kando ya geti. Alimweleza yote bila kuficha. Mzee alisikiliza, akaendelea kumwagilia mche mmoja mpaka ukafurika.

"Mimi kesho nitafanya ninachofanya kila Jumapili," alisema. "Nitapiga kengele, nitasema taka. Nikikuta wanawake wamekaa ngazini, mimi ni bawabu, si askari. Ila lile zulia la mlangoni msilikanyage. Likichafuka hulaumiwa mimi."

Asubuhi walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake mkononi. Hayat alikuja na mbwa. Mmoja alikuwa ametumwa mkate wa moto, akaubeba na mfuko wake. Wawili walikuwa njiani kwenda kanisani. Mwingine alitoka na mfuko wa taka za jengo la tatu, akalipita nao pipa lake kwa majengo mawili. Kutoka Dora walikuja wanne pamoja na Asnakech, na mmoja wao hakuwahi kumwona Yeshi hata kwa mbali. Alisikia tu kwamba kuna mtu anayepaswa kuliliwa, akaacha usingizi wa siku yake moja ya mapumziko. Walikaa ngazini kwa mpangilio, chini ya ghorofa ya tatu na juu yake, mapindo ya netela yakiwa yamepanda mashavuni. Hayat alilaza mkono juu ya pua ya mbwa, na mbwa, kwa ajabu, akatii. Zenebech, aliyekuwa amemvusha Bi Warde ua hadi chini kwenye lifti, alimwomba Abu Jasim ampandishe baada ya kengele, yeye akatangulia kwa miguu akihema.

Kengele ililia. "Taka!" aliita Abu Jasim kutoka chini.

Funguo zilizunguka mara mbili. Madamu Nawal alifungua akiwa amevaa gauni la kulalia na koti la hariri, uso bado una usingizi, akasogea kando. Yeshi alipita na mifuko miwili. Alikuwa binti mrefu, mabega ameyakunja kama mtu aliyezoea kupisha. Aliinua macho, akawaona.

Kwanza alifurahi, furaha ikamjaa usoni kabla hajaizuia, kwa kuwa nyuso alizozijua kwa mbali zilikuwa karibu, na zilikuwa na ukubwa wa kweli. Kisha akayaona mapindo. Akaweka mifuko chini, akaenda moja kwa moja kwa Zenebech, akamkumbatia shingoni.

"Pole, dada yangu. Mungu amrehemu shangazi. Vizuri umepata watu wa kukaa nawe."

Zenebech alimshika binti kwa mikono yote miwili, asimwachie.

Asnakech alisimama. Kwa desturi alipaswa kuanza mbali, azungumzie ugonjwa, umri, mapenzi ya Mungu, na njia ambayo wote wataipita. Alikuwa ameyapanga maneno hayo usiku kucha. Sasa aliona kwamba hakuna njia ndefu iliyobaki.

"Yeshi, mwanangu. Msiba si wa Zenebech. Ni wako. Ni mama."

Binti aligeuza kichwa taratibu. Alitazama uso wa Asnakech, akatazama wa Hayat, akashuka ngazi kwa macho, uso baada ya uso, akitafuta mmoja utakaokataa. Hakuupata. Akaporomoka. Mikono ilikuwepo, mmoja alimdaka kiuno, mwingine kichwa kisigonge ukuta, mwingine akamshika viganja asijichane mashavu. Sauti ilipomtoka, ilijaza jengo toka paa hadi chini, na wanawake wote wakaipokea kwa pamoja, wa juu na wa chini, wakipiga vifua. Mbwa naye akainua pua akalia.

"Nini hii? Nini hii!" Madamu Nawal alikuwa amejishika kooni. "Asnakech! Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nifunge mdomo, Madamu."

"Na ndio hivi umefunga?"

"Nimekataa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwake kulitumia neno hilo kwa Kiarabu mbele ya mwenye nyumba, na alishangaa kwamba lilitoka sawasawa, kama maneno mengine.

Milango ilianza kufunguka. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya nne alichungulia na kikombe mkononi. Wa ghorofa ya pili walitoka wote, pamoja na watoto. Madamu Nawal aliyaona macho hayo, akapandisha koti lake shingoni.

"Yeshi, ingia ndani. Sasa hivi. Na nyinyi shukeni. Naita polisi." Alichomoa simu mfukoni. "Wewe Asnakech najua huna kibali. Jengo zima linajua. Nikitaja jina lako tu, leo hii hulali Dora."

Wote walimsikia, isipokuwa Yeshi. Hayat alimtazama Asnakech kwa jicho la kumwambia ashuke, njia bado ipo, geti liko wazi.

Asnakech alikaa chini. Alikaa kwenye kidato cha juu kabisa, karibu na zulia bila kulikanyaga, akampakata Yeshi kichwa mapajani, akakunja netela yake vizuri.

"Piga, Madamu. Waambie mtu asiye na kibali amekaa ngazini analia na mfiwa. Nitawangoja hapahapa. Wakitaka kunishusha watanibeba, na mimi si mwepesi."

"Tutabebwa wote," alisema yule aliyekuwa hamjui Yeshi.

"Na mbwa," alisema Hayat. "Mbwa ana kibali."

Lifti ilisimama kwa mshtuko. Mlango wake ulifunguka, na Abu Jasim akasukuma kiti cha magurudumu nje, kisha akarudi nyuma upesi kama mtu asiyehusika. Bi Warde, amevaa nyeusi tangu kichwani hadi miguuni, aliwatazama wanawake, akautazama mlango uliokuwa wazi, akamtazama Madamu Nawal, ambaye alimjua tangu alipokuwa bibi harusi wa mtaa ule.

"Nawal, binti yangu, ni nani aliyefariki kwako?"

"Si kwangu, Bi Warde. Ni... ni mama wa mfanyakazi."

"Anaishi wapi huyo mfanyakazi?"

"Hapa."

"Basi ni kwako." Kizee kilinyoosha mkono uliokauka, kikaugusa utosi wa Yeshi, kikatamka maneno ya rambirambi kwa ukamilifu wake, polepole, bila kuruka hata moja. Kisha kikamgeukia tena mwenye nyumba. "Mbona sioni kahawa? Watu wamekuja kukupa pole, wewe umeshika simu."

Jirani wa ghorofa ya nne alikohoa. Mwanamke wa ghorofa ya pili alisema kwa sauti ya kusikika, "Maskini, na alivyo mdogo." Madamu Nawal alisimama mlangoni, simu katika mkono mmoja na funguo katika mkono mwingine. Alizitazama funguo. Mtu aliyezoea kumfungia kwa funguo hizo alikuwa upande wa nje, na mlango huo angeufunga leo angejifungia mwenyewe, mbele ya majirani wote. Aliingia ndani kwa hatua za hasira, akauacha wazi. Punde si punde, jikoni birika likasikika likigongwa kwenye jiko kwa nguvu isiyo ya lazima.

Kahawa ilikuja katika vikombe visivyotosha. Ilikuwa nyepesi. Bi Warde alisema hivyo, na kila mtu akasikia.

Kilio kiliendelea. Sauti zilipochoka zilishuka zikawa wimbo wa chini, mmoja akianza ubeti, wengine wakiupokea. Yeshi alimtaja mama yake kwa mambo madogo madogo, jinsi alivyofunga kuni, jinsi alivyomcheka kuku mmoja kilema, na wanawake ambao hawakuwahi kufika Haik wakamlilia kuku huyo pia. Mwenye mkate wa moto aliufungua akaumega. Madamu wake angepewa sababu nyingine. Hayat alimlisha Yeshi kipande kwa mkono, akakikataa, akamlisha tena, akala.

Madamu Nawal alirudi mlangoni, nywele sasa amezifunga.

"Mmemaliza?"

"Bado, Madamu."

"Watoto hawajala. Nataka aingie."

"Leo halishi mtu. Leo analishwa yeye."

"Na kesho?"

"Kesho tutakuja tena," alisema Asnakech. "Na kesho kutwa. Baada ya hapo atakufulia mapazia."

"Siku tatu! Na kazi zangu atafanya nani siku tatu?"

Asnakech alimtazama vizuri, kutoka chini alipokaa, bila haraka na bila kuinamisha macho.

"Mikono unayo, Madamu."

Pumzi ya mshangao ilipita ngazini. Mtoto wa kiume wa Madamu Nawal alikuja nyuma yake akishika koti, akauliza kwa nini Yeshi analia. Madamu akasema, kwa sauti iliyokwaruza, "Mama yake amekufa," akamshika mtoto mkono, akaingia naye jikoni. Zilisikika kabati zikifunguliwa moja baada ya nyingine, kama za mtu asiyejua sahani zake zinakaa wapi.

Kule chini geti liligonga. Hatua zilipanda kwa kusitasita, na katika kona ya ghorofa ya pili akatokeza msichana mgeni, aproni bado kiunoni, kandambili zimelowa. Aliwatazama wote kwa woga.

"Nimesikia kilio kutoka roshani yetu," alisema. "Ni hapa?"

"Ni hapa," alisema Asnakech, akasogea ukutani kumpisha. "Panda, ukae."